Uzi: Muundo, sura na utendaji wa ukurasa wa tovuti vitenganishwe wapi? Faili tatu peke yake hazitoshi

fundi_wa_kibokoni (mwanzisha uzi)

Assalaam alaikum, na hamjambo nyote. Nimeufungua uzi huu baada ya kazi niliyodhani ni ya asubuhi moja kunichukua siku nne. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni huku Mji wa Kale, Mombasa, aliniomba mambo mawili katika tovuti yake: vichwa vilivyokuwa vya bluu viwe vya kijani, na maandishi yakuzwe kidogo kwa kuwa wageni wake wengi ni watu wazima. Tovuti ilitengenezwa na mtu mwingine miaka kadhaa iliyopita, nayo ina kurasa 38. Nilipofungua ukurasa wa kwanza nikakuta rangi imeandikwa ndani ya tagi (alama ya msimbo inayozunguka kila sehemu ya ukurasa) ya kila kichwa, ukubwa wa herufi umeandikwa ndani ya kila aya, na katika baadhi ya kurasa bluu ile ile imeandikwa kwa namba tofauti kwa sababu aliyenakili alikosea tarakimu. Palikuwa pia na klasi (jina la kundi la vipengele vinavyopewa mtindo mmoja) iliyoitwa "bluu" katika faili ya mitindo, kwa hiyo hata hapo palipokuwa na nafuu ningebaki na klasi ya bluu inayopaka kijani.

Hilo la rangi ni usumbufu wa fundi, na fundi hulipwa kwa usumbufu wake. La pili lilimgusa mgeni. Kitufe cha "Weka nafasi" hakikuwa kitufe: kilikuwa kisanduku kitupu cha div (tagi isiyo na maana yake maalumu) kilichopakwa rangi kikafanana na kitufe, na uwezo wake wote ulitoka kwenye skripti, yaani programu ndogo ya JavaScript inayoletwa pamoja na ukurasa. Nilikijaribu nikiwa ndani ya feri ya Likoni, mahali ambapo mtandao wa simu yangu una tabia ya kukatika katikati ya kivuko. Maandishi yalifika na mitindo ikafika, lakini skripti haikufika. Kitufe kikawa kinang'aa mbele ya macho yangu, nikibonyeza hakuna kinachotendeka, wala hakuna ujumbe wa kosa. Mgeni aliye safarini angedhani nyumba imefungwa, akatafuta nyingine.

Sote tulifundishwa kwamba ukurasa una tabaka tatu: HTML hueleza kitu ni nini, CSS hueleza kinavyoonekana, na JavaScript hueleza kinavyotenda. Wengi tukatoka na funzo moja tu, kwamba kila tabaka liwe na faili yake, na hilo ndilo jepesi kuliko yote, kwani unaweza kulitimiza na bado ukaharibu kila kitu. Tovuti ya mama huyu ilikuwa na faili za aina zote tatu. Kwa maoni yangu, kinachozitenganisha tabaka ni utegemezi. Maudhui yasimame bila mitindo, mitindo isimame bila skripti, na skripti iwe juu ya zote mbili kwa namna ambayo ikikosekana, kilicho chini yake hakianguki.

Historia yenyewe inaonyesha tulivyopotea njia. Tim Berners-Lee alipoibuni HTML kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, alikusudia hati za wanasayansi, zenye vichwa, aya, orodha na viungo, na sura aliiachia kivinjari. Wenye tovuti walipotaka rangi na herufi za kupendeza, vivinjari vya katikati ya miaka ya 1990 viliongeza tagi za sura, na HTML 3.2 ya Januari 1997 ikaikubali rasmi tagi ya font, inayoandika rangi na ukubwa wa herufi. Cha ajabu ni kwamba dawa ilikwisha kuwapo: Håkon Wium Lie alipendekeza CSS mwezi Oktoba 1994, akashirikiana na Bert Bos, na toleo la kwanza likapitishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, mwezi Desemba 1996. Kabla mwaka 1997 haujaisha, HTML 4.0 ikazitangaza tagi zile za sura kuwa za kuachwa. Hata hivyo vivinjari viliitekeleza CSS vibaya na kwa kutofautiana kwa miaka kadhaa, ndiyo maana watu waliendelea kupanga kurasa kwa majedwali wakijua fika kwamba si sawa. Waliosadiki mapema walithibitishiwa mwaka 2003, Dave Shea alipofungua CSS Zen Garden, ambapo HTML ilikuwa moja kwa washiriki wote na kila mbunifu aliruhusiwa kubadilisha mitindo tu. Kurasa zilizotokea hazikufanana hata kidogo. Mwaka huo huo Steve Champeon na Nick Finck walieleza njia ya kuanza na maudhui na kuongeza ubora hatua kwa hatua, nayo ndiyo ninayoitetea hapa.

Swali langu kwenu mnaofanya kazi hii kila siku: nyinyi mnakata wapi?

bint_tudor

Waalaikum salaam kaka. Nimekusoma kwa makini, lakini naona umeieleza hali kana kwamba tuko bado mwaka 2003. Chuoni nilifunzwa faili tatu. Kazini nimekuta faili moja. Tunatumia React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, na komponenti (kipande cha ukurasa kinachojitegemea) ya kadi ya chumba ina muundo wake, mitindo yake na utendaji wake mahali pamoja. Nikitaka kubadilisha kadi naifungua faili hiyo pekee, sizunguki faili tatu nikitafuta ni kanuni ipi inagusa nini. React ilipotolewa mwaka 2013 wengi waliichukia kwa sababu hiyo hasa, wakisema tunairudisha HTML ndani ya JavaScript. Jibu la watetezi wake lilikuwa kwamba kutenganisha lugha si sawa na kutenganisha shughuli, na mimi nakubaliana nao. Kitufe, rangi yake na kazi yake ni shughuli moja. Kwa nini nivitawanye?

maalim_wa_tenzi

Mimi si fundi wa tovuti ila nilitengenezewa moja ya mashairi, na mjadala huu umenikumbusha jambo. Utenzi unaweza kuandikwa kwa khati ya Kiarabu au kwa herufi za Kirumi, ukapangwa mishororo miwili katika mstari mmoja au kila mshororo peke yake, na ukaimbwa kwa tuni ya Pate au kwa nyingine yoyote. Vina na mizani havibanduki. Je, ndivyo mnavyokusudia kwa hiyo HTML yenu, kwamba ndiyo vile vina na mizani?

fundi_wa_kibokoni

Maalim, umenipa mfano bora kuliko niliokuwa nao. Naam, na kosa la yule fundi aliyenitangulia ni sawa na mtunzi anayeacha kina kwa kuwa mwimbaji atakificha kwa sauti. Siku mwimbaji asipofika, shairi linaonekana lilivyo.

Dada wa Tudor, nusu ya hoja yako naikubali kabisa. Kuna mikato miwili: mmoja wa wima, unaogawa ukurasa kuwa kadi, menyu na fomu, na mwingine wa ulalo, unaogawa maana, sura na utendaji. Huo wa kwanza hauufuti wa pili. Komponenti yako, hata iwe ndani ya faili moja, mwishowe hutoa HTML inayoingia kwenye kivinjari, na hapo ndipo pa kuhukumia. Ikiwa imetoa div iliyopewa kazi ya kubonyezwa, umevunja tabaka ingawa faili ni safi. Ikiwa imetoa kitufe cha kweli ndani ya fomu yenye anwani ya kupokea, na HTML hiyo imetayarishwa na seva kabla skripti haijafika, umelilinda tabaka ingawa kila kitu kimeandikwa mahali pamoja. Hata ile onClick, yaani agizo la kitakachotendeka kitu kikibonyezwa, unayoiandika ndani ya komponenti haibaki katika HTML inayotoka, kwa sababu React husikiliza matukio kutoka kwenye kipengele cha juu. Tangu toleo la 17 la mwaka 2020 husikiliza kwenye mzizi wa programu badala ya hati nzima. Kwa hiyo sina ugomvi na faili moja. Ugomvi wangu ni na ukurasa unaoletwa mtupu, ukiwa na div moja na skripti nzito, ambao bila skripti hiyo hauna hata jina la hoteli.

bint_tudor

Hapo umenishika. Mradi wetu wa sasa ndivyo ulivyo, div moja tupu. Sisi huujaribu kwenye mtandao wa ofisini Nyali, na kule hakuna kinachokatika.

mlinzi_wa_seva

Naongeza sababu mbili ambazo hutajwa kwa nadra kwa kuwa hazionekani kwenye skrini.

Ya kwanza ni usalama. Seva inaweza kukiagiza kivinjari, kupitia kichwa cha Content-Security-Policy (si kichwa cha habari, bali agizo linalotumwa pamoja na ukurasa bila kuonekana), kisiendeshe skripti yoyote iliyoandikwa ndani ya ukurasa bali zile tu zinazotoka kwenye faili za anwani zilizoruhusiwa. Mtu akifaulu kupenyeza skripti yake kupitia sehemu ya maoni ya wageni, kivinjari kitaikataa. Sasa, tovuti iliyojaa onclick ndani ya tagi haiwezi kunufaika, kwa sababu kivinjari hakiwezi kutofautisha onclick ya fundi na ya mwizi. Ukiiwasha sera hiyo, vitufe vyako vyote hufa pamoja na vya mwizi. Watu wakiona hivyo huongeza neno unsafe-inline, linaloruhusu tena skripti za ndani ya ukurasa, na kwa kufanya hivyo hurudisha mlango waliokuwa wameufunga. Skripti chache zisizoepukika zinaweza kuruhusiwa kwa alama maalumu inayobadilika kila ukurasa unapotolewa, lakini kwa onclick zilizotapakaa hakuna njia ya heshima.

Ya pili ni bando. Mitindo iliyo katika faili yake hupakuliwa mara moja, ikahifadhiwa katika akiba ya kivinjari, na ukurasa wa pili hauigharimu tena. Ikirudiwa ndani ya kila ukurasa, mgeni huilipia kila anapobonyeza kiungo. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika hapa Mombasa mwaka 2009, na mtandao umebadilika sana tangu hapo, lakini anayenunua bando la siku bado anahesabu.

kijana_wa_bamburi

Naomba kuuliza, wakubwa zangu, mimi bado mwanafunzi. Tailwind, mkusanyiko wa klasi za CSS zilizokwisha tayarishwa, hujaza HTML klasi za sura, mojawapo ikitaja rangi, nyingine nafasi, nyingine ukubwa wa herufi. Je, hiyo si tagi ya font imerudi kwa mlango wa nyuma?

fundi_wa_kibokoni

Swali zuri, na nimewahi kulijibu vibaya. Zinafanana kwa kuwa zote mbili huandika sura kando ya maudhui. Zinatofautiana kwa kuwa thamani ya klasi ya Tailwind hutoka mahali pamoja: ukibadilisha kijani katika mipangilio, kila iliyotajwa hubadilika, ilhali ndani ya tagi ya font thamani yenyewe ndiyo iliyotawanywa. Kwa hiyo inategemea HTML yako inatoka wapi. Mahali pa dada wa Tudor, ambapo kadi ya chumba imeandikwa mara moja na kutolewa mara 100, marudio ni ya mashine na hayamuumizi mtu. Katika kurasa 38 zilizoandikwa kwa mkono, siku utakapotaka kichwa kiwe kikubwa zaidi utarudi pale pale nilipokuwa mimi. Kwa kazi ya aina hiyo nakushauri utumie klasi chache zenye majina ya maana: "onyo" badala ya "nyekundu", "bei" badala ya "nene-kulia".

Nimalizie kwa jambo ambalo binafsi naliona ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mpaka kati ya HTML na CSS umeandikiwa mengi, lakini mpaka kati ya CSS na JavaScript ndiko tunakovuja. Menyu ya tovuti hii ilikuwa ikifunguliwa na skripti iliyoandika display (kuonekana au kufichwa), urefu na hata rangi moja kwa moja ndani ya kipengele. Maana yake ni kwamba nusu ya sura ilikuwa imehamia katika faili ya utendaji. Nilipobadilisha rangi katika CSS hakuna kilichotokea, kwani mtindo ulioandikwa ndani ya kipengele huishinda kanuni ya kawaida ya faili ya mitindo, na nilipoteza saa nzima nikidhani kivinjari kinanionyesha nakala ya zamani.

Kanuni ninayoifuata sasa ni kwamba skripti hutangaza hali, na CSS huamua hali hiyo inaonekana vipi. Mgeni akibonyeza kitufe cha menyu, skripti hubadilisha sifa moja tu, aria-expanded, kutoka false kuwa true. CSS nayo ina kanuni inayosema kwamba kitufe chenye sifa hiyo kikiwa true, orodha inayokifuata ionekane. Faida yake ni mara mbili, maana sifa hiyo hiyo ndiyo inayomwambia mtumiaji asiyeona kwamba menyu iko wazi. Vilevile, klasi ambayo skripti huitumia kutafuta kipengele usiitumie kupaka rangi. Ipe kiambishi cha js, ili anayesafisha mitindo asije akaifuta akidhani haina kazi.

Mipaka yenyewe husogea pia, na inafaa kuichunguza upya kila baada ya muda. Picha kubadilika kishale kinapopita juu yake ilikuwa kazi ya JavaScript, ikawa ya CSS. Kukagua kwamba anwani ya barua pepe ina umbo sahihi ilihitaji skripti ndefu, lakini kwa HTML5, iliyopitishwa mwaka 2014, sehemu ya fomu yenye aina ya email na sifa ya required hukaguliwa na kivinjari chenyewe. Maswali ya wageni yanayofunguka na kujifunga niliyahamishia kwenye tagi za HTML za details na summary, nikafuta mistari mingi ya skripti bila kuandika hata mmoja mpya. Ukaguzi wa kweli, bila shaka, hubaki kwenye seva, maana yaliyo upande wa mteja yote mteja anaweza kuyazima.

msikilizaji_wa_kisauni

Mimi sioni kwa macho, na uzi huu nausoma kwa NVDA, programu inayonisomea skrini kwa sauti, kwenye kompyuta. Kwenye simu natumia TalkBack. Niruhusuni niseme tabaka hizi zinavyosikika, maana nyinyi mnaziona.

Div iliyopakwa rangi ya kitufe, kwangu ni neno tu lililopita. Sijulishwi kwamba linabonyezwa, na nikiruka kwa kibonye cha Tab silifikii. Ukurasa ambao vichwa vyake ni aya zilizonenepeshwa hauna vichwa kwangu, hivyo siwezi kurukia sehemu ya bei. Nalazimika kusikiliza kila kitu kuanzia "karibu sana" hadi "haki zote zimehifadhiwa". Lakini kuna kosa moja dogo linaloudhi kuliko hayo, nalo ni la Waswahili wenzetu: tovuti imeandikwa Kiswahili kitupu, halafu juu kabisa, kwenye sifa ya lang inayotaja lugha ya ukurasa, kimebaki kile kilichokuja na kiolezo, yaani en, Kiingereza. Programu yangu huamini ilivyoambiwa, ikasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Hebu fikirini "tunawakaribisha" inavyotoka. Herufi mbili, sw, zinatosha kuiponya, na ni kazi ya tabaka la maudhui wala si ya mwingine.

Pia msidhani kwamba CSS ni sura tupu. Mkiificha sehemu kwa display none, nami imefichwa kwangu. Mkibadilisha mpangilio wa visanduku kwa CSS, nyinyi mnaviona kwa mpangilio mpya, mimi navisikia kwa ule wa HTML, na hapo tunaambiana vitu tofauti kuhusu ukurasa mmoja. Kwenye Safari, orodha iliyoondolewa alama zake kwa list-style none inaweza isitangazwe na VoiceOver, programu ya Apple ya kusoma skrini, kuwa ni orodha. Kwa hiyo fundi asiseme "hiyo ni mitindo tu".

fundi_wa_kibokoni

Ahsante sana ndugu yangu. Nimekwenda kutazama sasa hivi: kurasa za Kiswahili za tovuti ya mama zina en, zote. Siku nne nilizokaa nayo sikuliona, kwa sababu macho hayana pa kulikutania. Nalirekebisha leo.

bint_tudor

Na sisi tunayo en. Nimeangalia kimya kimya nisije nikaaibika peke yangu.

Kaka, tueleze basi fomu ya kuweka nafasi uliifanyaje mwishowe, maana hapo ndipo penye pesa.

fundi_wa_kibokoni

Nilianza na fomu ya kawaida kabisa: jina, simu, tarehe ya kuingia na ya kutoka, aina ya chumba, na kitufe cha kutuma. Fomu ina anwani ya seva, kwa hiyo hata skripti isipofika, mgeni akibonyeza inatumwa na ukurasa mwingine unafunguka kumwambia ombi limepokewa. Nilihakikisha hilo linafanya kazi kabla ya kuandika mstari mmoja wa CSS, jambo ambalo lilimshangaza mama alipoliona, akaniuliza kama nimeibomoa tovuti yake. Kisha nikaivika mitindo, na rangi kuu nikaiweka katika kigezo kimoja cha CSS kiitwacho rangi-kuu. Mwisho kabisa nikaongeza skripti inayozuia ule utumaji wa kawaida, inatuma ombi kwa nyuma, na kuonyesha jibu pale pale bila kuondoka ukurasani. Ikishindwa kabla ya kuuzuia utumaji, fomu hutumwa kwa njia ya kale. Nimelijaribu tena kwenye feri, kwenda na kurudi. Mtandao ukikatika kabisa, ombi halitumwi kwa njia yoyote, hilo halina ujanja; lakini kivinjari humwambia mgeni kwamba hana mtandao, na ukirudi anaweza kutuma upya.

Kilichonishinda kukipanga kwenye tabaka zangu ni ramani. Ramani ni skripti tupu, na bila skripti hubaki kisanduku cheupe. Nilichofanya ni kuandika chini yake maelezo ya njia kwa maneno, kama HTML ya kawaida: ukitoka Ngomeni, ifuate Ndia Kuu, na kuendelea mpaka mlangoni. Skripti ikifika, ramani hukaa juu ya maelezo hayo bila kuyaficha. Nilikusudia baadaye niyafiche ramani inapokuwapo, ili ukurasa usiwe mrefu, lakini mama amenikataza. Anasema wageni wanaofuata ramani humpigia simu wakiwa wamepotelea vichochoroni, na wanaofuata maneno hufika.